Mke Mwenza Amebaki Nyumbani

Jumatano, 6 Machi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba hii mkuu ni mimi, kwa hiyo sijui nilitakiwa kumsikia nani. Jana alasiri mvua ilikuja bila hodi, nami nikakimbilia nguo kwenye kamba. Kukimbia, kwa umri huu! Ngazi ya uani ilikuwa imelowa, nikateleza, nikasikia kifundo cha mguu wa kushoto kinalia kama kijiti kikavu. Mashuka yakanifuata chini yakanifunika. Aliyenikuta ni mke mwenza, ndiyo kwanza anatoka shule, mkoba bado uko mgongoni. Hakupiga yowe. Alisema, "Bibi, usisogee," akanishika mkono pale pale kwenye maji mpaka baba yake alipokuja na gari la kazini.

Sasa nimefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Daktari anasema wiki nne. Mkamwana wangu kaniletea shajara hii kutoka kazini kwake, eti niandike, nisije nikawamaliza watu kwa maneno. Nimekuwa opereta wa simu wa hospitali mpaka nilipostaafu. Maneno ndiyo yaliyonilisha. Lakini haya, nitaandika.

Kwa atakayesoma nikiwa sipo: mke mwenza ni mjukuu wangu, mtoto wa pekee wa mwanangu. Marehemu babu yake alimwita "mke wangu" tangu siku aliyozaliwa, nami nikaukubali uke wenza kwa sababu sikuwa na la kufanya. Ana miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mume wetu anatutazama kutoka ukutani, juu ya televisheni, na suti yake ya harusi iliyombana mabega.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mguu unawaka moto. Mke mwenza hakwenda shule, alikaa nami.

Jumapili, 10 Machi

Leo kumekuwa na kikao kuhusu mguu wangu, na mwenye mguu hakuwa na kura. Mwanangu ni fundi wa friji. Bucha ikiharibikiwa na jokofu hawaangalii saa, wanampigia tu. Mkamwana anauza dawa famasi, na zamu zake hazina huruma.

"Tutafute mtu wa kushinda na Mama," mwanangu akasema.

"Mimi nitashinda naye," mke mwenza akadakia. "Nitasoma hapa hapa. Wiki hii tu."

"Mwaka wa mwisho huu, mwanangu," mama yake akasema.

"Wiki hii tu, Mama. Vitabu si ninavyo?"

Wakakubali. Mimi niliisikiliza ile "wiki hii tu". Nimesikiliza sauti za watu maisha yangu yote, na mtu anayejitolea kwa ajili ya mwenzake huwa hana haraka namna ile. Lakini mguu ulinipwita nikaacha kufikiri.

Jumatano, 13 Machi

Basi nimegeuka mwalimu mkuu wa shule yenye mwanafunzi mmoja. Asubuhi anapangusa meza ya kulia, anaisogeza dirishani, anapanga vitabu kwa urefu. Anasoma kwa sauti. Akimaliza ukurasa ananigeukia na kunieleza mimi, maana anasema kitu asichoweza kumweleza bibi yake hajakielewa. Leo nimefundishwa jinsi chuma kinavyopata kutu. Nikamwambia mimi nina chuma cha miaka sabini na moja, niulize mimi. Alitabasamu.

Saa nne tunakunywa chai. Saa saba ananikamata kwapani tunakwenda msalani, yeye ananiambia, "Twende, mke mkubwa, taratibu." Mchana anafanya hesabu, mimi nasinzia. Nyumba ilikuwa inanichosha kwa ukimya tangu mume wetu aondoke. Siku hizi hata kalamu yake ikikwaruza karatasi najua nipo na mtu.

Jambo moja. Simu yake hailii. Alikuwa na shoga yake tangu darasa la kwanza, binti wa kicheko kikali mpaka nikampa jina Kengele. Ilikuwa kila jioni simu inaita, wanacheka upande wa pili wa ukuta wangu mpaka nagonga kwa kiatu. Wiki kadhaa sasa sijagonga.

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. "Wiki hii tu" imeisha. Hakuna aliyeikumbusha, na mimi nikiwemo.

Ijumaa, 22 Machi

Leo tulikuwa wote mezani, jambo la nadra. Mke mwenza alisubiri baba yake ashibe. Huyo binti ana akili.

"Baba, nina ombi. Nataka nisome nyumbani mpaka mtihani. Nijiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea."

Mwanangu aliweka kijiko chini. "Kwa sababu ya Bibi?"

"Kwa sababu ya Bibi. Na pia nasoma vizuri zaidi hapa. Hakuna kelele."

"Kelele?" Mwanangu akacheka kidogo. "Mimi nimesoma darasa la watu themanini, mbuzi wa jirani wakiingia kama wana ada. Ungejua kelele wewe!"

"Na ulipata daraja gani?" nikamuuliza. Nilishindwa kujizuia.

"Mama, tafadhali."

Mkamwana alimsogezea binti yake bakuli la mboga. Kisha akasema polepole, "Mimi naona analala sasa. Mwezi wa pili alikuwa hali wala halali. Wewe huwa haupo, huoni. Siku hizi anakula."

"Anakula, sawa. Shule si chakula. Nani atamsahihishia? Nani atafanya naye majaribio ya kemia, sufuria za hapa?" Akamgeukia binti yake, na sauti yake ikalainika. "Kuna mtu kakufanyia kitu huko shule? Niambie."

"Hakuna, Baba."

Hiyo "hakuna" niliijua. Hospitali, jamaa wakipiga kumuuliza mgonjwa hali yake kupitia kwangu, mgonjwa alikuwa anasema "sijambo" kwa sauti hiyo hiyo, nyembamba na safi kupita kiasi. Mwanangu akipita tu karibu na friji anajua gesi inavujia wapi. Kwa mtoto wake aliisikia "hakuna" akaridhika.

Mwisho wakakubaliana: usajili unafungwa mwisho wa Aprili. Mpaka hapo asome nyumbani, tutaona. Nilipaswa kusema nilichosikia kwenye sauti ile. Sikusema. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba kesho atakuwepo.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Jiografia. Nimejifunza kwamba mito pia huzeeka. Nimefarijika.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo nimefunguliwa plasta. Mguu umetoka mwembamba na mweupe-mweupe, siutambui. Daktari ni kijana mchangamfu; akaubinya huku na huku akasema, "Bibi, umepona vizuri kuliko vijana. Tembea, fanya mazoezi, mkongojo wiki moja tu kwa tahadhari." Mke mwenza alikuwa nje anachukua dawa, hakusikia.

Kwenye gari aliniuliza, "Amesemaje?"

Sasa hapa niandike ukweli, maana shajara haina mdomo. Niliyaona maisha yangu yakirudi: chai ya saa nne peke yangu, redio, mume wetu ukutani. Nikamtazama mtoto ameupakata mguu wangu mapajani ili usigonge kwenye mashimo ya barabara. Nikasema, "Anasema utachukua muda."

Umri wangu wote sijawahi kumdanganya mtoto yule. Sasa nimeanza.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mguu bado unauma, mbele za watu.

Jumatano, 10 Aprili

Mke mwenza akiwa bafuni nilitembea kutoka chumbani mpaka mlango wa nyuma bila mkongojo, nikarudi. Hauumi hata chembe. Alipotoka nikasema "aah" nilipoinuka. Mkongojo ni kitu kizuri: ukigonga sakafuni mtoto anakuja mbio.

Jumamosi, 13 Aprili

Mwanangu alikuwa na mapumziko, akaamua kumpima binti yake. Ameazima karatasi za majaribio kwa mteja wake mmoja ambaye ni mwalimu. Walikaa mezani asubuhi nzima, mvua inapiga bati, mimi nachambua mchele kwenye ungo na mguu juu ya kigoda kama malkia.

Alifanya vizuri. Vizuri mno. Baba yake alisahihisha kwa kalamu nyekundu iliyokuwa haina kazi. Mwisho akavua miwani akasema, "Mimi sina neno tena. Wiki ijayo nitakwenda kuulizia kituo cha watahiniwa wa kujitegemea."

Nikashangilia. Mke mwenza akasema, "Asante, Baba," akakusanya karatasi zake moja moja. Nilitegemea aruke, anikumbatie, apige kigelegele. Alikusanya karatasi tu, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Ni lini mara ya mwisho nimemsikia huyu mtoto akicheka kwa sauti? Kutabasamu, ndiyo, kila siku. Nimekumbuka mpaka nimechoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mwalimu wake wa darasa amepiga simu yangu, mama mmoja wa sauti nzito yenye upole. Akanisalimia, akaniulizia mguu, nikamjibu uongo wangu wa kila siku. Kisha akaomba kuongea na binti. Nikampa simu, nikajifanya nafuma.

"Sijambo, mwalimu... Ndiyo, naendelea nao... Bibi bado... Baba anashughulikia usajili... Hapana, mwalimu, hakuna tatizo."

Sauti ya mgonjwa. Lakini si hiyo iliyoniharibia siku. Mwalimu alikuwa amemaliza kuongea, nadhani alisahau kukata, kaiweka simu mezani kwake. Mke mwenza hakuishusha. Aliibana sikioni kwa mikono miwili, kasimama katikati ya sebule, na hata mimi nilipo nilikisikia kilichokuwa kinatoka: kelele za darasa. Viti vinaburutwa, wasichana wanaitana, mtu anaimba vibaya. Alisikiliza mpaka ilipokatika. Akaniletea simu yangu, akasema, "Mwalimu anakusalimia," akarudi kwenye hesabu zake.

Mtu asiyependa kelele hasikilizi hivyo. Nimeisikia njaa kwenye simu mara nyingi, sikuwahi kuiona imesimama mbele yangu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua kubwa leo, na leo ndiyo siku yenyewe.

Nilibandika maziwa jikoni. Mke mwenza alikuwa chumbani kwake anaandika insha. Nikakaa kitini, usingizi ukanipitia, nikagutushwa na harufu. Maziwa yanapanda! Niliruka. Nasema niliruka: nilivuka sebule, nikaingia jikoni, nikayawahi yakiwa ukingoni, nikashusha sufuria. Hapo ndipo nikasikia mlango wa chumba chake. Nikarudi mbio sebuleni, nikadaka mkongojo, nikaanza kuchechemea nikigumia.

Alisimama mlangoni akanitazama kwa utaratibu, kuanzia juu mpaka chini.

"Bibi."

"Abee, mke mwenza. Ah, mguu huu utaniua."

"Bibi, uliovunjika ni wa kushoto."

Nikatazama chini. Nilikuwa nachechemea wa kulia. Kwa juhudi zote, wa kulia!

Sikujua niweke wapi uso. Nikakaa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu iliishia kati ya jiko na kochi. Yeye akaja akakaa chini, mgongo kwenye kochi, kichwa karibu na goti langu.

"Najua tangu juzi ile uliyokwenda kuanua nguo ukidhani nimelala," akasema. "Asubuhi unachechemea wa kushoto, jioni wa kulia. Mchana unasahau kabisa."

"Na hukusema?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Akavuta pindo la khanga yangu. Kisha: "Kwa sababu ukipona narudi shule."

Nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Sikumhimiza. Mteja akisita kwenye laini humkatii, unakaa. Ndipo akanieleza, na nitayaandika kama alivyosema.

Yeye ni kiranja wa darasa. Mwanzoni mwa Februari mwalimu wa hesabu alichelewa, na Kengele akasimama mbele akaanza kumwiga anavyotembea, anavyoshika tumbo akitafuta chaki. Darasa likalipuka. Mwalimu akaingia na hasira zake, akauliza nani walikuwa wanapiga kelele. Kiranja akasimama, akataja watano. Wa kwanza Kengele.

"Nilifikiri nikimwacha yeye watasema napendelea. Nilitaka kuwa wa haki, Bibi."

Adhabu ya Kengele ilikuwa kufungiwa mechi ya netiboli ya Ijumaa ile, na yeye ndiye mfungaji wao. Shule ikafungwa mabao hata haisemeki. Jumatatu Kengele akahamisha vitu vyake kwenye dawati jingine.

"Hawanitukani. Ningependa wanitukane. Nikiingia tu wote wananyamaza, kama mtu kazima redio. Nikitoka nasikia imewashwa. Nakula peke yangu, naenda maabara peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia nyamazeni, sasa wamenisikia."

Akageuka, akaficha uso kwenye khanga yangu, na kilichofuata alikisema humo ndani:

"Siku ile ulipoanguka, nilikushika mkono, nikaona mguu umepinda. Na moyoni nikasema asante Mungu. Bibi, nilisema asante. Wewe unalia kwa maumivu na mimi nasema asante."

Alilia kilio alichokuwa nacho tangu Februari. Nami nililia. Na katikati ya kulia kicheko kikanipanda, sikuweza kukizuia.

"Unacheka nini?" akauliza, pua imejaa.

"Nacheka sisi. Siku nilipofunguliwa plasta, daktari aliponiambia umepona, mimi nami nilimuuliza Mungu: mbona mapema hivi?"

Akaniangalia. Kisha akacheka. Kidogo, na kwa kwikwi, lakini kicheko. Tukakaa hivyo mpaka maziwa yakapoa.

Jumanne, 23 Aprili

Mficha uchi hazai. Jioni, wote walipofika, niliinuka, nikampa mwanangu mkongojo, nikazunguka meza mara mbili bila kushika kitu.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu siku ya daktari."

"Mama, wewe mtu mzima! Mimi kesho ninakwenda kumsajili mtoto kwa sababu ya mguu wako!"

"Ndiyo maana nakuambia leo."

Mkamwana alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaenda kucheka jikoni. Niliposema yangu, mke mwenza akasema yake. Hakuficha, hata lile la asante. Baba yake alimsikiliza akiuzungusha mkongojo wangu mikononi kama anatafuta pa kuufungua. Alipomaliza, akasema, "Nilikuuliza, ukasema hakuna," akamvuta kichwa akakibusu utosini, jambo ambalo sijaliona tangu mtoto akiwa na mapengo.

Lakini swali likabaki mezani, sasa halina mguu wa kusimamia. Mama yake anasema: kama shule inamnyima usingizi, abaki, mtihani ni ule ule. Baba yake anasema: akikimbia hili atakimbia na jingine. Wote wana haki kiasi chao. Wakanigeukia mimi.

Nikasema: "Mke mwenza, mimi nataka ubaki. Hilo ndilo jibu la moyo wangu, kwa hiyo msinisikilize. Ukibaki, baki kwa ajili ya masomo yako. Usibaki kwa ajili ya mguu wangu. Ukirudi, rudi kwa ajili yako pia, si kwa kumfurahisha baba."

"Nipeni mpaka Jumamosi," akasema.

Alhamisi, 25 Aprili

Alikaa na simu mkononi asubuhi nzima. Anaifungua, anaifunga. Jioni nikasema, "Lete."

"Nimeshampigia mwezi uliopita, Bibi. Hapokei."

"Hapokei ya kwako. Taja namba."

Aliitaja kwa kichwa. Nikabonyeza kwenye simu yangu, nikakaa wima, nikaitoa sauti yangu ya kazini, ambayo sikujua kama bado ipo.

"Habari za jioni. Hapa ni kwa bibi yake mke mwenza. Nina mteja kwenye laini anaomba kuongea nawe. Je, nimuunganishe?"

Nilimsikia anapumua. Nimesubiri majibu mengi kwenye simu, hilo ndilo lililonitoa jasho.

"Shikamoo, Bibi," akasema Kengele, sauti haina hata mlio mmoja wa kengele. "Bado ana hasira na mimi?"

Kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye hasira! Watoto hawa wataniua. "Marahaba, mwanangu. Subiri, nakuunganisha."

Nikampa mke mwenza simu. Opereta akishaunganisha hutoka kwenye laini, ndiyo sheria. Nikatoka nje kwa miguu yangu miwili, nikasimama barazani nikitazama mvua. Hawakuongea sana. Aliponirudishia simu macho yalikuwa mekundu.

"Amekusamehe?"

"Hajasema. Amesema alijua nitamtaja, lakini si wa kwanza."

"Na wewe?"

"Nimesema samahani. Sikujitetea."

Jumamosi, 27 Aprili

"Nitarudi," ametuambia wakati wa chai. "Masomo nayaweza hapa, hilo nimeshalijua. Sijui kama naliweza lile jingine. Nikishindwa nitasema. Nitasema kweli, si 'hakuna'."

Baba yake akasema sawa. Mama yake akampigia pasi sare, mikunjo mpaka ikaweza kukata mkate. Mimi nikasema vizuri sana, hongera, nikaenda msalani nikalia huko.

Jumatatu, 29 Aprili

Ameondoka saa kumi na mbili na nusu. Alipofika mlangoni alirudi, akaniambia, "Chai saa nne, usisahau, mke mkubwa."

Nimekunywa saa nne. Nimemwambia mume wetu jinsi chuma kinavyopata kutu. Meza bado iko dirishani, sikutaka irudishwe. Nyumba imekuwa kubwa mno, na mguu leo umeuma kweli kweli. Kwa kuwa nimeshadanganya hakuna atakayeniamini, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Alhamisi, 2 Mei

Amejiuzulu ukiranja. Alisimama mbele ya darasa akasema aliyokuwa nayo, akarudi kukaa. Walinyamaza. Amekuja nyumbani na chakula chake hajakigusa, akakaa kwenye meza ya dirishani bila kufungua kitabu. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: basi baki, mwanangu, baki na mimi. Nikayameza. Yalikuwa makubwa.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Bado wananyamaza.

Alhamisi, 9 Mei

Manyunyu tu. Leo msichana mmoja amemuazima rula. "Kasema nini?" nikamuuliza. "Kasema, 'Rudisha.'" Tukalichambua hilo neno jioni nzima kama mchele.

Jumatatu, 13 Mei

Kengele amerudisha vitu vyake kwenye dawati la zamani. Hakueleza, na mke mwenza hakuuliza. Bado hawaongei sana. Wanakaa bega kwa bega, wanaandika.

Ijumaa, 17 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimeanika kila kitu chenye uzi.

Saa kumi mke mwenza hajafika. Saa kumi na nusu nikatoka barazani. Nikarudi ndani, nikatoka tena. Nikafikiria yote mabaya, na yale ambayo hayajabuniwa. Karibu saa kumi na moja nikamwona anakuja, sketi ina vumbi, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Umetoka wapi wewe?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, umetoka wapi?"

"Nimeadhibiwa. Nimefagia darasa zima na kupangusa ubao na madirisha."

"Kwa kosa gani?"

Akatazama viatu vyake. "Kupiga kelele darasani."

Nikashika nguzo ya baraza. "Na nani?"

"Na Kengele. Alimwiga tena mwalimu wa hesabu, Bibi, safari hii na kile kikohozi chake, nikacheka mpaka nikaanguka kwenye dawati. Darasa zima likacheka. Kiranja mpya ametutaja. Mimi wa kwanza." Akanitazama chini ya nyusi za chaki. "Tafadhali usimwambie Baba."

Nilijitahidi. Niliweka mikono kiunoni, nikaanza, "Mwaka wa mwisho huu! Watu wazima wazima mnapiga kelele...", nikashindwa kuendelea, kwa sababu nilikuwa namkumbatia na chaki ilinijaa puani.

Sasa ni jioni. Amejifungia chumbani, simu iliita kabla hajavua viatu. Wanacheka wote wawili, yeye upande huu wa ukuta na yule mwingine ndani ya simu, kicheko kile kile cha zamani kinachokwaruza masikio, na taarifa ya habari siisikii kabisa. Kiatu ninacho mkononi. Mwanangu amerudi, ameuliza kwa nini sigongi ukuta kama kawaida yangu.

Nimeweka kiatu chini, nikazima redio. Opereta hasikilizi maongezi ya watu, ndiyo sheria, lakini mimi nimestaafu.